Magitaa Tisa Ndani ya Nailoni

Iko Alhamisi moja ninayoikumbuka hadi leo, mwanangu Wangari. Ilinirudia jana, nilipokuona ukitundika gitaa lako jipya ukutani na kumkataza binamu yako asiliguse. Niliingia chumbani kwangu nikakaa kitandani.

Wakati huo nilikuwa karani kijana hapa Nyeri, sina mke wala mtoto, na wazimu wangu wote ulikuwa magitaa ya umeme. Bendi ikivunjika Karatina au Kerugoya, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kubisha hodi. Nikawa nayo tisa. Kwa kuogopa baridi na ukungu wa huku kwetu, kila moja nililivika mfuko wa nailoni, nikaufunga kwa selotepu, kisha nikalifunika kitambaa cha kufuma, kama mama yangu alivyofunika viti vya sebuleni. Watu walikuja kuyaona magitaa yangu wakaona vitambaa.

Lililokuwa bora kuliko yote halikuwa langu hasa. Lilikuwa la Mzee Njogu, mkulima wa mpunga kule Mwea, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye baa za Kagio akipiga muziki. Alipookoka, mkewe alikataa chombo cha baa kulala nyumba moja na Biblia. Njogu akaniletea mimi. Hakutaka chochote ila ahadi. "Ikae kwako," alisema. "Siku nikiihitaji, nitakuja." Nikaahidi, tena kwa kumshika mkono.

Basi Alhamisi hiyo akaja, na kimfuko cha mchele wa pishori mkononi. Wakwe walikuwa wanaleta mahari ya binti yake wa mwisho Jumamosi, na mkewe, yule yule aliyekuwa amelifukuza gitaa, sasa alitaka binti yao apigiwe wimbo na baba yake siku hiyo moja.

"Githinji, si unipatie ile gitaa yangu? Jumapili nitarudisha."

Nilimpa sababu, mwanangu. Nilikuwa nazo nyingi. Barabara ina vumbi, rangi itakwaruzwa, nyuzi ni kuukuu. Alizisikiliza zote bila kunikatiza.

"Basi wacha nishike tu kidogo," akasema, "nione kama vidole bado ziko."

Nikamwambia anawe mikono kwanza. Akanawa, mzee wa kunizaa, akajikausha kwa koti lake. Na hata hapo sikuifungua nailoni. Nilimnyanyulia tu gitaa alitazame.

Alilitazama kwa muda. "Mimi niliacha kwako gitaa," akasema. "Wewe umeizika." Mchele akauacha mezani, akaenda zake. Mahari ikapokewa bila wimbo.

Masika yalipokwisha nilisikia kwamba Njogu ameugua. Hapo ndipo nilipokata selotepu. Unyevu ulikuwa umefungiwa humo ndani miezi yote hiyo. Nyuzi zilikuwa nyekundu kwa kutu, mbao imeota ukungu. Yale mengine manane yalikuwa vivyo hivyo. Nililipeleka la Njogu kwa fundi, likasafishwa na kutiwa nyuzi mpya, nikashuka nalo Mwea pamoja na amplifaya ndogo.

Nilimkuta ameketi uani. Kiharusi kilikuwa kimemlemaza mkono wa kushoto. Hakunilaumu. Aliliweka gitaa mapajani, akalipapasa, kisha akaniambia, "Wewe finya nyuzi huko juu. Mimi nitapiga na huu mkono umebaki."

Nikaweka vidole. Sikujua niviweke wapi. Mimi mwenye magitaa tisa, mwanangu, sikuweza kufinya hata wimbo mmoja wa kanisani. Njogu alingoja. Nilihamisha vidole huku na huku, nikavitoa. Mwishowe akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi tupu, mara moja tu. Zikalia vizuri sana. Mkewe akatoka jikoni akasimama mlangoni.

"Ni yenyewe," Njogu akasema. Hakupiga tena. Niliona aibu, na aibu hiyo ninayo mpaka leo.

Ninalotaka kukuambia si refu. Mtu akikuachia kitu, mrudishie siku anayokihitaji, usingoje siku utakayokuwa tayari wewe, maana siku yake ikipita imepita. Na gitaa ni la kupigwa. Acha likwaruzwe. Lishushe leo, umwite binamu yako, umwombe akufundishe. Nimemsikia kanisani na anakushinda kwa mbali.

Mungu akupe mikono mizima kwa miaka mingi, mwanangu, na akunyime sababu nyingi kama zile nilizokuwa nazo mimi.