Siku Annet Alipoidanganya Saa

Saa moja kasoro robo asubuhi, Annet Musimbi amekwisha kuvuta uzi kutoka kona moja ya ukuta hadi nyingine. Anafumba jicho moja, anautazama, anaukaza kidogo. Nyuma yake Dalmas, mtu wake wa mkono, yaani kibarua anayemsaidia, anageuza mchanga na simiti kwa koleo.

"Iko sawa?" Dalmas anauliza.

"Iko sawa. Leta."

Jiwe la kwanza linakaa. La pili linafuata. Annet hafanyi haraka, na ukimtazama kwa dakika kumi utaona pia kwamba hapumziki.

Mama huyu wa miaka arobaini na tatu, mzaliwa wa Vihiga, ni fundi wa mawe. Amepanga chumba Sarang'ombe, Kibera, na kila siku hutembea karibu saa nzima hadi Kawangware, ambako nyumba ya kupangisha ya orofa nne inajengwa. Alianza kazi ya mjengo miaka kumi na tisa iliyopita akibeba maji. Leo analipwa shilingi 1,300 kwa siku, na hakuna mwanamume katika mjengo huo anayemfundisha kushika mwiko.

Miezi minne iliyopita alikuja mgeni mwenye kiti cha plastiki, daftari na saa ya kupimia mbio. Mourine Mbula ni mtafiti katika mradi unaotaka kujua kwa nini nyumba zetu huchukua muda mrefu kujengwa. Serikali inalipa nusu ya gharama, na makandarasi wenye mijengo inayopimwa wanalipa nusu nyingine.

Mpango mzuri. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaeleza mafundi.

Uvumi ulishika kasi: hiyo saa imeletwa kuchagua watu wa kufutwa. Basi siku ya kupimwa, Dalmas alifika kabla ya jua na mitungi ya maji, akachanganya simiti mapema na kupanga mawe chini ya ukuta. Saa saba ilipofika, sufuria ya maharagwe haikuguswa. Kufikia jioni Annet alikuwa amejenga mawe 131.

"Tulimuonyesha maajabu," anasema Annet, akicheka hadi anaegemea ukuta. "Hata mimi nilikuwa najishangaa."

Wakati ule kicheko hakikudumu. Wiki iliyofuata msimamizi, Vincent Wepukhulu, aliandika 131 kwa chaki kwenye ubao wa langoni. Kila fundi na mtu wake wa mkono wafikishe hapo, la sivyo wapishe wengine.

Siku ya tatu ya mbio hizo, ukuta wa Annet ulitoka tumbo, ikabidi safu nne zibomolewe. Siku ya nne, bega la Dalmas lilikataa kuinuka. Dalmas ana miaka hamsini na minne, na wamefanya kazi pamoja kwa miaka sita. Wepukhulu alimpa hadi Jumatatu awe amepona, la sivyo aondoke.

"Nikinyamaza, Dalmas anaenda nyumbani," Annet anakumbuka. "Nikisema, labda ni mimi naenda. Usiku huo sikulala vizuri, sitakudanganya."

Asubuhi alimfuata Mourine kwenye kiti chake cha plastiki, mwiko ukiwa bado mkononi.

"Madam, zile mawe mia moja thelathini na moja, tulikuwa tunakuchezea tu. Hata lunch hatukukula. Sasa wewe niambie: serikali imetoa nusu, kontrakta ametoa nusu. Hii bega ya Dalmas iko kwa nusu gani?"

"Nilikuwa nimepima woga, nikaandika kwamba ni kazi," anasema Mourine. "Kosa lilikuwa langu. Ningewaeleza kwanza."

Siku hiyo hiyo aliifuta ile hesabu kwenye ripoti, akamwambia Wepukhulu aifute ubaoni pia. Kisha, Dalmas alipopona bega na kurudi kazini baada ya wiki moja, akaanza upya, safari hii kwa wiki mbili nzima, akiwa ameahidi mbele ya wote kwamba hakuna jina litakaloandikwa.

Ukweli ulikuwa mawe 83 kwa siku. Ulionyesha pia muda unapopotelea. Dalmas alikuwa akienda mara mia mbili na kumi kwa siku hadi kona ya mbali inakochanganywa simiti, na kila jiwe aliliokota chini. Maji nayo yalifika kwa mkokoteni saa tatu asubuhi, watu wakiwa wamekaa tu.

Annet hakushangaa. "Hiyo nimejua miaka yote. Hakuna mtu alikuwa ameniuliza."

Alipoulizwa, alijibu. Simiti ikasogezwa karibu na ukuta. Mbao kuukuu zikapigiliwa misumari kuwa meza ya mawe, inayofika kiunoni. Maji yakaanza kuletwa jioni ya kuamkia siku ya kazi. Sasa anajenga mawe 106, ukuta umenyooka, na Dalmas anakula maharagwe yake bila kuangalia nyuma.

"Nilikuwa mkali, nakubali," anasema Wepukhulu. "Lakini hii 106 inanisaidia kuliko ile 131 ya kubomoa."

Mwezi ujao upimaji unahamia mjengo mwingine, Makina. Atakayeshika saa kwa wiki nne ni Annet mwenyewe, kwa malipo yale yale ya fundi. Baada ya hapo anapanga kufanya mtihani wa serikali wa ufundi, apate cheti cha kazi ambayo ameifanya karibu nusu ya maisha yake. Dalmas atamngojea, na meza yao wamekubaliana haiguswi.

Ataanzaje, mbele ya mafundi wasiomjua, wanaoiogopa saa kama yeye alivyoiogopa?

Annet anapangusa mwiko kwa gunia. Hahitaji kufikiria.

"Hiyo saa nitaiweka kwa mfuko kwanza," anasema. "Halafu niwaulize kama wamekula."