Redio na Vichekesho vya Mkewe

Karakana yetu inatengeneza makochi mapya na kufufua ya zamani. Mimi nashona vitambaa. Cherehani yangu iko dirishani, kwa hiyo namwona kila anayeingia na nasikia upuuzi wote unaosemwa, na upuuzi haukosi. Saa ya chai lazima mtu atoe kichekesho, na kiwe kipya. Kikiwa kimechacha, yaani tumeshakisikia, mafundi wote hugonga fremu kwa nyundo mpaka msemaji anyamaze. Mteja mmoja aliingia wakati huo akafurahi, akadhani tunakimbizana na kochi lake.

Mtu ambaye hakuwahi kugongewa ni fundi wa sponji, tuliyembandika jina la Redio. Mrefu, mpole kwa wateja, mvivu wa kufagia. Mtaji wake ulikuwa mmoja tu, mkewe. "Mke wangu hakoromi," alikuwa akisema, mkono kiunoni. "Anaburuta kabati! Kila usiku anahama nyumba, asubuhi namkuta palepale." Tulikuwa hoi. Au: "Mke wangu akikwambia anakuja sasa hivi, bandika maji, yachemke, yapoe, uoge, ulale." Nilicheka mpaka nikashona mkono wa kochi kichwa chini miguu juu, ikabidi nifumue.

Basi siku moja akasahau miwani nyumbani, na mkewe akamletea. Ni mwanamke mwembamba, muuzaji wa duka la dawa, mwenye sauti ya kumwelekeza mgonjwa. Alipotokea tu mlangoni, yule fundi wetu wa kung'arisha fremu, mpaka vanishi, akadakia: "Shemeji, karibu! Leo umekuja na kabati, au umeliacha njiani?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Redio hakucheka.

"Kabati gani?" mkewe akauliza.

Mtu mwenye akili angesema hapo tunataniana tu, shemeji. Mpaka vanishi hana hiyo bahati. Alimweleza lote, na la kuchemsha maji akaongezea, huku akiigiza. Mama wa watu alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka miwani juu ya sponji, akamwambia mumewe, "Miwani yako," akatoka. Nikamfuata hadi getini.

"Dada," akaniambia, "anayekoroma ni yeye. Hilo la kabati nilimwambia mimi, tumelala, tukacheka wote wawili mpaka tukatokwa machozi. Anayechelewa pia ni yeye. Kumbe anayachukua maneno yangu, anayageuza, halafu ananivika mimi!" Akajifuta macho kwa kiganja. "Hatausikia tena utani wangu. Nitamwambia ya kumtosha kuishi, basi."

Na alifanya hivyo. Chakula kipo mezani. Maji yamekatika. Mlango umefunga? Redio alikuwa akipata hayo tu, na sisi tukayaona matunda yake saa ya chai. Siku ya kwanza alileta kichekesho cha tembo na sisimizi. Nyundo. Siku ya pili akabuni mwenyewe, kiti kimeiambia meza. "Kimeiambia nini?" tukauliza. Akafikiri, akasema kilinyamaza tu. Jamani! Hata nyundo tulizigonga kwa huruma.

Akageukia makochi ya wateja. Tukifumua kochi kuukuu, ndani huwa na kila kitu: vitana, vifungo, jino la bandia. Redio akawa anaokota na kumtungia mwenye kochi maisha yake. Hapo alianza vizuri, sitamnyima haki yake. Lile jino alilitungia safari kutoka mdomoni mwa babu hadi chini ya sponji, na tulicheka. Kisha akatoa vijiko, kimoja baada ya kingine, vijiko vya chai vitupu. "Kwenye nyumba hii," akasema, "kuna dada wa kazi alifukuzwa kwa wizi!" Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyegonga pia. Msimamizi alivifunga vile vijiko kwenye gazeti akaviweka kando ya kochi, ili mwenyewe avikute.

Jioni hiyo Redio akaja dirishani kwangu. "Dada, hivi watu wanavitoa wapi vichekesho?"

"Mimi nashona vitambaa," nikamjibu. Nilikuwa bado nina hasira naye, kwa nini nifiche?

"Siyo kwa ajili ya nyundo. Nyundo nimezizoea." Akawa anakwangua gundi kwenye kucha. "Nyumbani kumekuwa kimya. Nakaa sebuleni nasikiliza friji. Yule mwanamke alikuwa ananichekesha kila siku ya Mungu, dada. Nikipoteza hilo nimebaki na nini?"

"Ulichokigeuza, kigeuze tena," nikamwambia. "Na ufanye hivyo mbele ya haohao uliowachekesha."

Kesho yake, saa ya chai, akasimama. "Sikilizeni. Anayekoroma ni mimi. Anayechelewa ni mimi. Vyote vile alivisema mke wangu, akinisema mimi. Mimi sijabuni hata kimoja."

Msimamizi akameza chai yake taratibu, akasema, "Tulijua. Wewe huna akili hiyo."

Mimi sikumwambia mtu, Mungu ananiona. Kumbe watu wazima walikuwa wameshamsoma siku nyingi, ila uhondo ulikuwa mtamu wakamfumbia macho. Mpaka vanishi peke yake ndiye aliyebaki mdomo wazi.

"Sasa umemwomba msamaha?" msimamizi akauliza.

"Nimemwomba. Nilipiga magoti jikoni, nikaeleza yote, nikalia. Akaniambia chakula kipo mezani."

Tulivyocheka! Redio akatuangalia mmoja mmoja, hajui kumetokea nini. Alikuwa hajatania. Ndicho kichekesho cha kwanza cha nyumbani kwake kilichotoka kwake mwenyewe, na yeye alikuwa anakaribia kulia. Nilipokutana na mkewe dukani kwake nilimsimulia yote, hadi la magoti. Alinipa dawa yangu ya kikohozi, akaniambia nimeze baada ya kula. Nikaona basi, huyu ameshafunga moyo.

Siku zikapita. Redio akawa anakaa kimya saa ya chai, na vichekesho tukawa tunatoa sisi wengine, vibovu, nyundo juu ya nyundo. Halafu asubuhi moja nikamwona anakata sponji, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Anacheka! Anasimama, anajifuta macho, anashika kisu, anacheka tena, sponji inakatika upande.

"Redio, toa!" mafundi wakapiga kelele. "Amesema nini shemeji?"

Akatikisa kichwa. Wakabembeleza, wakatishia, na yule mpaka vanishi akaahidi kumfagilia wiki nzima. Wapi! Nilimwonea wivu, nasema kweli. Mimi naishi peke yangu, na sina mtu wa kunisema usiku mpaka nikacheka asubuhi.

Wenzake walipokata tamaa nikamsogelea. "Niambie mimi tu. Mimi ndiye niliyekusaidia."

"Asante, dada," akasema, bado anacheka. "Lakini nikikwambia, kesho nitaambiwa nini?"