Mahali pa Kuiweka Sauti ya Eustadia

Mzee Dionis alikuwa gadi wa treni kwenye reli ya kati mpaka alipostaafu, na ugadi haujamtoka mwilini. Hapandi bodaboda kabla hajayakagua matairi. Mlango wa nyumba yake ya Ntalikwa haufungi mara moja akaridhika; huufunga, akaondoka, akarudi kuutikisa. Marehemu mkewe, Mwalimu Eustadia, alizoea kusema kwamba hata siku ya kiyama Dionis atachelewa, kwa kuwa atakuwa bado anahesabu mabehewa.

Na mtu mwangalifu kiasi hicho ndiye aliyekuwa na sauti ya mkewe mahali pamoja tu, ndani ya simu kuukuu iliyovimba betri. Aliirekodi mwenyewe jikoni, Eustadia akibangua karanga na kuwasimulia watoto wa binti yao Julieth jinsi babu yao alivyokuja kuposa akiwa na koti la reli na filimbi shingoni. Mwaka uliofuata Eustadia akafariki. Picha zake ziko tele, ukutani na kwenye albamu. Sauti ni hiyo moja tu, na simu ilikuwa inazidi kuvimba.

Mwanzoni alifanya kama walivyofanya wazee wake. Mtu mwenye ng'ombe hakuwalundika wote katika zizi moja. Aliwagawa, huyu kwa shemeji, yule kwa ndugu wa mbali, ili ugonjwa ukiingia nyumbani asibaki mikono mitupu. Mzee Dionis akaiweka nakala kwenye flashi, akaitia mfuko wa shati, akapanda treni hadi Kigwa na kumkabidhi dada yake Levina. Levina aliipokea kwa mikono miwili. Kaka mtu akarudi nyumbani akiwa na raha zake.

Alichosahau, na yeye ndiye hakupaswa kusahau, ni kwamba anayetunza ng'ombe wa mwenzake hunywa maziwa. Levina alikuwa na redio yenye tundu la flashi. Akaona kitu kinakaa bure kabatini, akakipeleka kwa muuza nyimbo, naye akakifuta chote kipate nafasi, kisha akakijaza kwaya. Mzee Dionis alipokwenda kumsalimia wakati wa Pasaka, dada mtu aliiwasha redio kwa fahari.

“Sikiliza inavyoimba, kaka.”

“Na sauti ya wifi yako iko wapi?”

“Mimi uliniambia nitunze, nimetunza. Haina hata mkwaruzo. Sasa maziwa nisinywe?”

Kwa desturi ya kwao, Levina hakuwa na kosa hata la kusingiziwa. Ilimbidi mzee akae pale asikilize kwaya mpaka treni ya kurudi ilipofika.

Ndipo akaenda kwa Shukrani, binti fundi wa simu pale karibu na soko la Tabora. Shukrani ni Mgogo, na Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo heshima kati yao huishia kwenye salamu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, Mgogo. Kwenu mvua haijanyesha bado, mpaka leo uko kwetu?”

“Nasubiri mlipe ushuru wa njia, Wanyamwezi. Umekuja na mzigo gani?”

Akamweleza. Shukrani akaishika ile simu kwa ncha za vidole, akasema dawa yake ni kuiweka sauti mtandaoni, kwenye mitambo ya watu wanaofanya kazi hiyo tu ya kutunza vitu vya wengine. Nyumba iungue, simu iibwe, sauti itakuwapo.

“Mitambo hiyo iko wapi?”

“Mingine Ulaya, kwenye baridi.”

“Anayeitunza ni mtoto wa nani?”

“Mzee, ni kampuni.”

“Hata kampuni ina kwao.”

Basi wakaanza kuchagua, na Mungu ampe Shukrani thawabu yake. Huduma ya kwanza ilikuwa rahisi na wengi wanaitumia, lakini alipoielewa vizuri, Mzee Dionis aliikataa: ukikifuta kitu kwenye simu kwa bahati mbaya, na huko nako kinafutika. “Huyo si mchungaji,” akasema, “huyo ni kivuli changu. Nikianguka, naye anaanguka.” Hapo alikuwa na haki. Wakatafuta inayobaki na nakala za zamani hata ukifuta. Akauliza kama wenye mitambo wanaweza kusikiliza, maana maziwa yalikuwa yameshamwuma mara moja. Wakapata ambayo vitu hufungwa kwa nywila ya mwenye navyo, na hata wenyewe hawawezi kufungua. Akauliza: na mwenye nywila akifa? Shukrani akamwambia ampe Julieth.

“Babu zako waliwatoza babu zangu hongo kwa maji ya kunywa njiani,” alilalamika mzee. “Leo wewe unanitoza kwa hewa.”

“Na babu zako walibeba meno ya tembo mpaka pwani. Wewe sauti ya mtu mmoja inakushinda.”

Hatimaye sauti ikapanda. Shukrani akachukua simu mpya aliyonunua mzee, akasema sasa waishushe humo na kuifungua, wahakikishe imefika nzima. Mzee Dionis akasimama. Akakumbuka kwamba mlango wa nyumbani hakuutikisa.

Aliporudi siku nyingine, huduma ile haikumpendeza tena. Maandishi yake madogo mno. Wakachagua nyingine. Sauti ikapanda, ikafika saa ya kuifungua, na mzee akagundua kwamba hata hii ina kasoro, nembo yake imekaa kama ya watu wasio makini. Ya tatu aliikataa kwa sababu ambayo hata yeye hakuimaliza kuisema.

Shukrani akaweka bisibisi mezani.

“Mzee, mbona kila tukifika hapa huduma inakuwa mbaya?”

Mzee akataka kuinuka, Shukrani akamzuia.

“Kwenu mtu akimweka ng'ombe kwa ndugu, haendi kumwona?”

“Anakwenda.”

“Anamwona kwa macho, au anaambiwa tu kwamba yupo?”

Mzee Dionis akaikagua dari ya duka, kisha sakafu. Alipoongea hakukuwa na utani. “Sijaisikiliza tangu tulipomzika. Naogopa, binti yangu.”

Mtu mwingine angempa pole. Shukrani akauliza, “Msibani kwako mtani hakuja?”

“Alikuja. Alilala kaburini, akasema hatoki mpaka apewe bia.”

“Ulicheka?”

Mzee alifikiri. “Nilicheka. Kwa mara ya kwanza tangu afe.”

“Basi kaa. Mtani ni mimi leo.”

Akabonyeza.

Kwanza zilisikika karanga zikidondoka kwenye sinia. Kisha Eustadia, karibu kabisa, akisimulia koti, akisimulia filimbi, na jinsi baba yake alivyouliza kama huyu kijana amekuja kuoa au kuondosha treni. Wajukuu wakacheka, naye akacheka nao kile kicheko chake cha kukatikakatika. Mzee Dionis aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka na mabega yalikuwa yanacheka. Wateja wawili waliokuja na simu zao walisubiri nje.

Mwishoni kabisa, sehemu aliyokuwa ameisahau, sauti ikageuka na kumwelekea yeye.

“Baba Julieth, zima hiyo simu uje ule. Na mlango umeufunga?”

“Nimeufunga, mama,” akajibu Mzee Dionis. “Nimeutikisa.”