Mdundo wa Bi Biubwa

Bi Biubwa binti Mwishehe aliingia dukani kwangu mara ya kwanza mwaka 1974. Akapita masufuria, akapita baiskeli kuukuu, akasimama mbele ya spika kubwa niliyokuwa nimezuilia mlango. Upana wake kama sinia la pilau. Niliipata pamoja na vikorokoro vya jumba moja la sinema lililofungwa Dar es Salaam, na mwaka mzima hakuna aliyeiuliza.

"Hii unasemaje, Bwana Kibwana?"

"Hiyo mali ya sinema, bibi. Si ya kuchezea."

"Ya sinema, nawe umezuilia mlango?"

Nilimjua kwa sifa. Alikuwa mshonaji wa mtaa wa Dunda, mjane, na siku za harusi hukodisha stirio yake. Shida ni kwamba stirio ile ilikuwa na spika mbili ndogo. Bi Ashatu, aliyekuwa anamwoza binti yake Mina, alishamwambia wazi: "Muziki wako unalia kama mbu chandaruani. Usiponiletea mdundo, namwita Sadallah wa Dar na muziki wake." Harusi ile ikimponyoka, mtaa mzima ungemfuata Bi Ashatu.

Mtu mwenye shida hatajiwi bei ndogo. Nikataka cherehani yake ya miguu. Nilitegemea atanitukana, kisha tushuke taratibu. Yeye akasema, "Leta hamali." Alipoondoka nilicheka peke yangu. Cherehani nzima!

Alhamisi alasiri nilikwenda kwake kutazama. Fundi Salumu alikuwa amemtengenezea sanduku la mvule, refu hadi kiunoni. Ndani Biubwa alilitandika sufi kama anayeshona godoro, kila upenyo akauziba kwa gundi.

"Sauti ya nyuma ikivuja inaila ya mbele," akaniambia.

"Nani kakufundisha?"

"Miaka minne nafungua spika na kuzifunga. Zimenifundisha zenyewe."

Bi Ashatu akafika na majirani zake kusikiliza. Biubwa akaunga nyaya, akaweka santuri. Muziki ukatoka mwembamba kuliko zamani.

"Mwenzetu kanunua kabati la vyombo!" Bi Ashatu akasema, wanawake wakaangua kicheko.

Nami nikachomeka langu: "Cherehani sirudishi, bibi."

Biubwa alizima, akazichomoa nyaya zote, akatwaa betri ya tochi. Akaigusisha kwenye nyaya za spika ndogo; karatasi yake nyeusi ikaruka nje. Akaigusisha vilevile kwenye spika kubwa. Karatasi ikaingia ndani. Alipounga nyaya alikuwa amefuata alama nyekundu iliyopakwa nyuma ya spika kubwa, na aliyeipaka alikosea.

"Mnaona? Hizi zinasukuma, hii inavuta. Mmoja asukume mlango, mwenzake upande uleule auvute, utafunguka?"

Akaunga tena, akageuza nyaya mbili tu za spika kubwa. Akarudisha sindano juu ya santuri.

Mdundo niliusikia kwanza kwenye nyayo. Vikombe vikagongana rafuni. Bi Ashatu akashika kifua.

"We Biubwa! Ni nini hiki?"

"Si kabati la vyombo, dada?"

Jumatatu, baada ya harusi ya Mina, nilimwendea na cherehani yake, nikiongeza na baiskeli, anirudishie ile spika. Alikuwa anafuta vumbi kwenye sanduku.

"Biashara tulimaliza, ndugu yangu. Karibu chai."

Nimepatana na watu wengi, wachache wamenikatalia wakitabasamu. Nikanywa chai.

Tangu hapo sanduku lile limepanda malori hadi Mbegani na Miono. Sadallah mwenyewe alikuja kulisikiliza. Akaruhusiwa kusikiliza, kulifungua hapana. Biubwa hakushona tena, na wapo wanaosema hakuna gauni lililokaa mwilini kama la mkono wake. Kwenye cherehani ile nimemweka fundi mmoja, Kibibi, barazani kwangu, anashona sare za harusi hizohizo, na inanilisha vizuri. Lakini spika ile mwaka mzima ilikuwa yangu, na mji mzima unaiita ya Biubwa. Nami, mgeni akiuliza, ndivyo ninavyoiita.