Jiwe la Thomas Garside

Winifred Sugden alianza kuyasoma makaburi mwaka ule aliofiwa na mama yake. Alikuwa na miaka hamsini na sita, hana mume wala mtoto, na kiwanda cha sufu alichokitumikia tangu usichana kilikuwa kimefunga milango. Kazi yake huko ilikuwa kupapasa kitambaa kwa vidole, kutafuta uzi uliokatika na kuufuma upya kwa sindano hata mnunuzi asijue pengo lilikuwa wapi. Basi Chama cha Nasaba cha Thornshaw kilipotafuta mtu wa kunakili maandishi ya makaburi ya Kanisa la Betheli, kabla mvua na kuvu havijayafuta, wanachama wote waliinamia viatu vyao. Winifred akainua mkono.

Kazi hiyo ilimla miaka kumi na mmoja. Alikwenda na ndoo ya maji, brashi laini, kioo cha kulipindisha jua ili herufi zilizofifia zitupe kivuli, na penseli, maana wino haustahimili mvua za Yorkshire. Akajaza madaftari kumi na saba. Kila Jumanne ya pili ya mwezi, chama kilipokutana katika chumba cha shule ya Jumapili, mtu akiuliza habari za babu yake, mwenyekiti Clifford Oldroyd, mgane mwenye sauti ya upole, alikuwa akisema, "Muulizeni Winnie. Huyu anawajua marehemu wetu kuliko walivyojuana wenyewe." Winifred alirudi nyumbani na maneno hayo, akayatafuna wiki nzima.

Ndipo akaja Rosalind Pargeter.

Alikuwa mjane wa mwalimu mkuu, ametoka kusini, amenunua nyumba ya juu kilimani yenye madirisha yanayotazama mji mzima. Alikuja na kompyuta, koti la rangi ya ngamia na keki ya limau. Jioni ile ya kwanza keki iliisha hata makombo. Skonzi za Winifred zilirudi nyumbani kumi na moja kati ya kumi na mbili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu aliugua.

Kila alichofanya Rosalind kilimchoma. Alipocheka, Clifford alicheka. Alimtafuta babu wa baba yake, Thomas Garside, mzaliwa wa Thornshaw, na haukupita mwaka akawa amemfikisha kwa Jonas Garside, tajiri aliyejenga kiwanda cha kwanza mjini, na kutoka kwa Jonas akapanda vizazi vingine saba hadi kwa watu wenye mashamba na mihuri. Mchoro wake wa ukoo ulipotandazwa ulifunika meza mbili. Winifred aliutazama akaona Sugden wake wote, wafumaji, wachana sufu, wasukuma mikokoteni, wamekuwa kama vumbi.

Kisha Clifford akapendekeza madaftari yachapwe yawe kitabu, na nani mwingine mwenye kompyuta? Rosalind aliyachukua madaftari mwezi wa tatu. Mwezi wa kumi na moja kitabu kikatoka. Juu ya jalada: *Makaburi ya Betheli, kimeandaliwa na Rosalind Pargeter.* Ukurasa wa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: *Shukrani kwa Bi W. Sugden na wengine waliosaidia.*

"Si kimependeza, Winnie?" Clifford alimuuliza, kikombe cha chai mkononi.

"Kimependeza," Winifred alijibu. "Wino umekolea."

Alifika nyumbani akakaa na koti lake jikoni. *Na wengine waliosaidia.* Nani hao wengine? Nani mwingine aliyepiga magoti kwenye theluji?

Alikisoma kitabu mstari kwa mstari hadi mwezi wa kwanza, akitafuta makosa, na alipopata mawili moyo wake ulichangamka kama mtu aliyeokota pete. Namba mia tatu themanini na nane ikamsimamisha. *Mtoto. Jina halisomeki.* Alilikumbuka jiwe hilo, dogo, nyuma ya mti, limezama nusu. Mwaka alipolifikia ardhi ilikuwa imeganda, akaliacha. Asubuhi yake alichukua sepeto ya bustani akalifukua. Akaosha, akapindisha kioo. Herufi zikajitokeza moja moja: *Thomas, mwana wa Jonas na Martha Garside. Amekufa 1811, umri siku tisa.*

Akachuchumaa pale huku magoti yakilowa. Alikwenda kwenye daftari la maziko la kanisa kuhakikisha, akakuta maneno yale yale. Thomas wa tajiri hakukua. Hakuoa, hakuzaa. Kwa hiyo Thomas wa Rosalind alikuwa mwingine, na ule mchoro wa meza mbili ulikuwa umening'inia hewani.

Angeweza kupanda kilima akagonga mlango. Badala yake aliliweka jambo hilo wiki tatu, kama peremende chini ya ulimi, kwa sababu mwezi wa pili Rosalind alikuwa atoe mhadhara mbele ya watu wote juu ya ukoo wake.

Siku hiyo chumba kilijaa hadi watu wakasimama. Clifford mwenyewe aliendesha picha ukutani. Rosalind alizungumza vizuri, na hilo nalo lilimuuma Winifred. Alipomaliza, makofi yakalia, Clifford akauliza kama kuna swali.

Winifred akasimama. "Mimi ninalo, Bi Pargeter. Huyo Thomas wako kazikwa wapi?"

"Bradford. Mwaka 1879."

"Basi alifufuka. Maana mimi ninaye hapa nje, nyuma ya mti. Siku tisa."

Mtu mmoja alicheka. Rosalind alishika kingo za meza. "Una hakika?"

"Nimemwosha kwa mikono yangu hii. Na daftari la maziko linasema vivyo hivyo."

Alimpa Clifford nakala aliyoiandika. Clifford alisoma, akavua miwani, akamtazama. "Winnie," alisema polepole, "si ungemwambia pembeni?"

Katika mambo yote ya jioni ile, hilo ndilo lililomchoma Winifred. Alikuwa amengoja wiki tatu kumwona Rosalind ameinama, na sasa aliyeinamishwa ni yeye. Alitoka bila kuaga.

Asubuhi mlango ulibishwa. Rosalind alikuwa amesimama kizingitini na viatu vya mpira, macho yamevimba.

"Nipeleke nikamwone," alisema.

Walikwenda makaburini. Pale kwenye jiwe Rosalind alipiga magoti na koti lake la bei mbaya, akagusa lile jina.

"Baba yangu alilelewa kwenye kituo cha yatima," alisema. "Hakuwa na mtu. Alikuwa na karatasi moja tu: babu yake ni Thomas Garside, mzaliwa wa Thornshaw. Aliitunza mpaka anakufa. Nilipompata Jonas na jumba lake, nikaacha kutafuta. Nilikuwa na njaa, Winifred, nikala cha kwanza nilichokiona."

Winifred alikohoa. "Ningekuambia nyumbani kwako. Nilipaswa."

"Hukutaka. Na mimi nisingekwambia vilevile." Rosalind alijifuta pua. "Clifford aliniandikia barua, jina lako litangulie kwenye jalada. Mimi ndiye niliyeliweka nyuma."

"Kumbe ni wewe!" Damu ilimpanda Winifred hadi masikioni. "Miaka kumi na mmoja nimeinama hapa, bibie! Ulikuwa umekosa nini wewe?"

"Sugden," Rosalind alijibu. "Nachapa Sugden, Sugden, Sugden. Arobaini na mmoja! Nimewahesabu. Wewe ukienda kununua mkate unapita katikati ya watu wako. Hata hujui kama ni kitu. Kila nikifungua daftari nakuonea gere mpaka sioni herufi."

Maisha yake yote Winifred hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumwonea wivu yeye, mwanamke wa skonzi zinazorudi nyumbani. Aliona aibu, hilo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba ilikuwa tamu, na laiti angekuwa hana haya angemwambia arudie.

"Simama," alisema mwishowe. "Utapata baridi ya mifupa."

Hawakuwa marafiki siku ile. Ila Winifred alianza kumtafuta yule Thomas mwingine, kwanza kwa kuona deni, baadaye kwa sababu uzi uliokatika haukumpa usingizi. Alipekua madaftari ya ubatizo ya makanisa manne. Mwezi wa sita akampata katika kumbukumbu za nyumba ya mafukara: Thomas, mwana wa Hannah Garside, mfumaji, asiye na mume. Mahali pa baba pameachwa wazi. Alikaa na jina hilo siku mbili nzima, kwa maana lilikuwa lake, na kutoa si rahisi. Siku ya tatu akapanda kilima.

Rosalind alisoma karatasi amesimama mlangoni. "Hannah," alisema. Akasema tena, "Hannah," kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili.

Kwenye mkutano wa Septemba Rosalind aliisimulia habari hiyo, akataja kwamba Bi Sugden ndiye aliyeipata. Watu walipiga makofi. Kisha wakamzunguka Rosalind wamsikilize zaidi, kwa kuwa alijua kusimulia: baridi ya nyumba ile, msichana na mtoto wake. Wanawake wawili walitoa leso. Winifred, kwenye birika la chai, aliusikia uvumbuzi wake ukisemwa vizuri kuliko ambavyo yeye angeweza, na ule wivu ukamrudia palepale ulipozoea.

"Winifred!" Rosalind alimwita juu ya vichwa vya watu. "Thomas alizaliwa mwaka gani vile?"

"Mwaka 1812," Winifred alijibu. "Mwezi wa tatu. Na sema Hannah alikuwa na miaka kumi na tisa, umelisahau hilo."

Akaendelea kumimina chai.