Nilimwamkia Mwenzangu wa Rika ili Niingie Timu

Nimekosa, tena vibaya, na sina wa kumsingizia. Nisiposema hapa nitapasuka!

Mimi ni mchezaji mstaafu wa mpira wa kikapu. Zama zile za foleni, sabuni na sukari unavipata ukiwa na ndugu dukani, shirika moja la umma pale Musoma lilikuwa na timu. Wachezaji tuliandikwa makarani, ila kalamu hatukuzigusa. Kazi yetu ilikuwa kuruka, na ukiruka vizuri unapewa sabuni.

Tatizo, walitaka vijana wasiozidi miaka ishirini na mbili. Mimi nilikuwa na ishirini na tisa, urefu wa kutosha na njaa ya kutosha. Nikasema nina ishirini na moja.

Katibu wa timu hakuwa mjinga, akanifuata hadi kijijini kwetu, upande wa Butiama. Kwetu siku hizo nani alikuwa na cheti cha kuzaliwa? Umri wako ni rika ulilotahiriwa nalo. Mara akapita Wambura, tuliyetahiriwa naye siku moja. Katibu akauliza, "Huyu ni rika lako?"

Nikainama, na urefu wangu wote. "Shikamoo, kaka."

Wambura akanitazama weee! Angetaka angenimaliza palepale. Akajibu taratibu, "Marahaba, mdogo wangu," akaenda zake. Kazi nikapata.

Nilicheza miaka kumi na ushei. Nikashangiliwa, nikavimba kichwa. Likizo nikirudi, wenzangu wa rika wananyamaza nikikaa nao, nami nasema ni wivu wa sabuni. Mwerevu mimi! Kisha likaja soko huria, shirika likauzwa, na mnunuzi hakuhitaji makarani wa kuruka. Nikarudi nyumbani na magoti mawili yaliyochakaa.

Mwezi haukuisha, baba akafariki. Kwetu kaburi la mzazi wako huchimbwa na wenzako wa rika. Nikaenda kwa Wambura nikilia.

"Rika lipi?" akaniuliza. "Ulikuwaga wetu mpaka siku ile. Ukaondoka mwenyewe, tena kwa adabu. Nenda kwa wadogo zako."

Nikaenda kwa wadogo. Walinipa kiti, wakanipa pole. "Lakini kaka, sisi tunatahiriwa wewe ulikuwaga na ndevu."

Basi nikachimba mwenyewe, mchezaji maarufu mzima! Waombolezaji wanatazama, mama amejifunika kanga usoni. Niliona aibu mpaka nikatamani nibaki mle mle. Shimo lilipofika kifuani magoti yakagoma, nikashindwa kutoka. Mama yangu, mjane wa siku moja, ndiye aliyekuja kunipa mkono.

Wewe unayetaka kupunguza umri ili upate timu, punguza tu. Utashangiliwa, na viatu utapewa. Ila siku ukifiwa, tafadhali, njoo na jembe lako.