Mama Maombi Nyuma ya Pazia

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani, na sebule yetu ndiyo duka lake. Ukifungua mlango wa mbele unakutana na cherehani mbili, yake na yangu, meza ya kukatia, pasi isiyotaka mzaha, na kwenye pembe pazia la maua ambalo wateja hujibanza nyuma yake kujaribu nguo. Sisi wenyewe tumebanana vyumba vya nyuma. Ukipiga chafya jikoni, mteja aliyeko mlangoni anakutakia afya.

Watu walimpa jina la Mama Maombi, nao hawakukosea. Walikuja na kitambaa mkono huu na shida mkono ule. Mmoja anataka sketi ipanuliwe na mumewe apate kazi, mwingine anataka zipu mpya na mtoto afaulu mtihani. Wifi hakumrudisha mtu. Alimshika mteja bega na kuomba papo hapo, mguu ukiwa bado juu ya pedali.

"Wifi, unaomba kama unavyotia vifungo," nilikuwa nikimtania. "Hata huangalii."

"Wewe shona," ananijibu. "Mdomo wako hauna breki."

Siku moja, msimu wa sare za shule, duka likiwa limejaa hadi kizingitini, akaingia mke wa mwalimu wa muziki. Mwalimu alikuwa ameugua kwa muda mrefu, na kila mkewe alipopita hapa, wifi alimwombea uponyaji. Siku hiyo yule mama hakuleta kitambaa wala hakusema neno, alisimama tu kando ya meza. Wifi akamshika bega, akafumba macho, akaanza kwa ile sauti yake nzuri:

"Baba, tunakushukuru kwa ajili ya mume wa dada huyu. Mwinue kitandani, umpe nguvu, arudi mezani kwake ale na wanawe."

Cherehani yangu ikanyamaza. Mwalimu tulikuwa tumemzika wiki iliyotangulia. Gauni jeusi alilovaa yule mama, wifi ndiye aliyelishona. Nilikohoa, nikakohoa tena, wapi! Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Amina" kwa sauti ya chini, akatoka.

Wifi alikuwa ameshageuka kumwita mteja mwingine, ndipo akaniona nilivyomkodolea macho. Akatazama mlangoni, mgongo mweusi ukiishia barabarani. Akakaa juu ya rundo la sare.

"Wifi," akaniambia, "nimesema nini mimi?"

Nilimwonea huruma.

Jioni wifi chakula kilimshinda. Kaka alimbembeleza kwamba ni uchovu tu, kila mtu huteleza.

"Si uchovu," alisema. "Mdomo ulikuwa unaomba, mimi mwenyewe sikuwepo. Kutwa nawasemea watu kwa Mungu, lakini mara ya mwisho kukaa naye, mimi na yeye tu, siikumbuki. Sasa hata kumfuata yule mama nikamwombe radhi naogopa. Nitamwaga maneno yaleyale."

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, alibeba kigoda akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Hapakuwa na mahali pengine. Chumbani watoto, jikoni watoto, uani nguo na watoto. Wateja aliniachia mimi. Lile pazia linaishia magotini, kwa hiyo ndala zake zilionekana na kila mtu, na watu wakawa wanaongea na ndala.

"Mama Maombi, mimi nipo, ila nina haraka!"

Nilikuwa nikiwafukuza, lakini moyoni nachemka. Sare zinarundikana, fundi mkuu kajificha kwenye kigoda! Siku ya tatu uvumilivu ukanishinda.

"Wifi, kwani Mungu hawezi kusubiri tumalize kola?"

"Yesu aliwaacha watu wanamtafuta, akaenda kukaa peke yake na Baba yake," alijibu toka nyuma ya pazia. "Sembuse mimi na kola zangu?"

Nikarudi kwenye kola.

Msidhani alishukiwa na malaika. Siku ya kwanza nilimuuliza walichoongea huko, akasema aliwaza vifungo. Siku nyingine alikoroma, duka zima likasikia. Siku nyingine alitoka macho mekundu, nami kwa mara ya kwanza sikuwa na utani. Polepole nikaona anabadilika. Alianza kumuuliza mteja habari za nyumbani na kungoja jibu. Waliotaka maombi ya chapuchapu aliwaambia, "Nimekusikia. Nitaingia nalo ndani." Baadhi walinuna wakahamia kwa fundi mwingine. Aliwaacha waende.

Alikuwa bado anajipa moyo wa kwenda kwa yule mjane, mjane akaja mwenyewe. Alikuwa amelikunja lile gauni mkononi. Lilikuwa linampwaya, alitaka lipunguzwe. Duka lilikuwa tupu. Wifi alisimama, na safari hii hakumshika bega.

"Dada, siku ile nilimwombea mtu tuliyekwisha kumzika. Nilikushika, lakini sikuwa nakuona. Nisamehe."

Yule mama alilipapasa gauni.

"Nilijua umesahau. Nikasema amina kwa sababu kwa dakika ile alikuwa hai. Kuna mtu alikuwa anasema atarudi mezani."

Wifi aliweka mkasi mezani.

"Tangu tumzike nyumba haijapungua watu," mjane akaendelea. "Wananiimbia, wananiombea, wananilaza kama mtoto. Wananipenda, sikatai. Lakini sijapata hata pembe ya kulia peke yangu, wala ya kumuuliza Mungu kwa nini."

Wifi alichukua gauni, akasogeza pazia.

"Ingia. Kigoda kipo."

Kisha akanigeukia: "Zima pasi, tutoke."

Tukakaa nje kwenye ngazi, tukaurudisha mlango. Halafu sauti ya yule mama ikaanza kupanda, inauliza, inagomba, inamwita mumewe kwa jina. Wifi alikuwa anasikiliza tu, machozi yanamtiririka, hata hayafuti.

Mteja mmoja akatokea na mfuko wa vitambaa, anahema.

"Mama Maombi, afadhali nimekukuta! Niombee mara moja nipite."

"Kaa hapa kwanza," wifi alimwambia, akimpisha kwenye ngazi. "Kuna mtu ndani anaongea na Baba yake."